Barua kwa mwanangu: miaka miwili ya mjomba wako

Mwanangu,

Ujumbe wako niliusoma jana usiku, nikaurudia alfajiri. Umesema ulikuwa unatafuta vyeti vya mjomba wako kwenye lile sanduku la bati ili upate tarehe za kuweka kwenye wasifu, ukakutana na barua ya kumsimamisha kazi ya mwaka 1983. Ukaniuliza: "Mama, mjomba aliiba kweli? Na siku ya arobaini nikisoma wasifu wake, hili niliseme au nilipite kama walivyolipita siku ya mazishi?"

Nimeona nisikujibu kwa simu. Kaa chini, soma polepole.

Aliiba. Na uliseme.

Najua hapo ulipo umeshika tama. Nimekulea nikikuambia marehemu hasemwi vibaya, na sijalifuta neno hilo. Lakini kumsema mtu vibaya ni jambo moja, na kumsimulia mtu mzima, kichwa mpaka miguu, ni jambo jingine. Wewe hujaombwa kumsema. Umeombwa kumsimulia.

Siku ya mazishi wasifu wake ulisomwa kwa dakika moja na nusu. Alizaliwa mwaka 1951. Alipata elimu ya msingi. Aliajiriwa serikalini, upande wa maji, mwaka 1974. Alistaafu mwaka 2011. Ameacha mjane, watoto 5 na wajukuu 11. Aliyesoma simlaumu, alikabidhiwa karatasi iliyoandikwa usiku na watu waliochoka kulia. Lakini mimi nilikuwa nimekaa pale kwenye mkeka, nikajikuta najiuliza: ni nani huyu anayesomwa? Ungebadilisha neno "maji" ukaweka "mifugo" au "barabara", ungeweza kumzika mtu mwingine kabisa kwa karatasi ile ile. Miaka 37 ya kaka yangu ilipita kati ya neno "aliajiriwa" na neno "alistaafu", na hakuna aliyesikia hata mlio wa injini yake.

Wewe ulikuwa masomoni, hukuona jinsi miaka hii miwili ya mwisho alivyokuwa msikilizaji wa redio. Kila akifariki mtu mkubwa, mjomba wako alisogeza kiti karibu na dirisha pale redio inaposhika vizuri, akasikiliza wasifu wote mpaka mwisho. Mwezi Februari 2024 ndio uliomwanzisha. Tarehe 10 akafariki Edward Lowassa, Waziri Mkuu wa zamani. Tarehe 11 akafariki kijana wa Kenya, Kelvin Kiptum, yule mkimbiaji. Na mwezi ukiwa unajifunga, tarehe 29, Rais Samia akalitangazia taifa kwamba Mzee Ali Hassan Mwinyi hatunaye, ana miaka 98. Siku hiyo nilikuwa kwa mjomba wako, nimekwenda kumjulia hali ya mguu. Tukasikiliza pamoja.

Mtangazaji alisoma vyeo vya Mzee Mwinyi kimoja baada ya kingine: mwalimu Zanzibar, mkuu wa chuo cha ualimu, Waziri wa Mambo ya Ndani, Balozi nchini Misri, Rais wa Zanzibar mwaka 1984, Rais wa Jamhuri ya Muungano kuanzia Novemba 1985 hadi Novemba 1995. Mtangazaji alipotoka kwenye uwaziri akaingia kwenye ubalozi bila hata kupumua, kaka akanyanyua mkono kama anayesimamisha basi. Akasema, "Hapo. Hapo amepita juu ya kaburi."

Wewe hukuwa umezaliwa, kwa hiyo nikueleze alichokuwa anakisema. Katikati ya miaka ya 1970, huku kwetu Shinyanga na kwa jirani zetu Mwanza, kulikuwa na msako wa watu waliotuhumiwa kwa mauaji yaliyohusishwa na imani za kishirikina. Baadhi ya waliokamatwa waliteswa, na wengine wakafia mikononi mwa vyombo vya dola. Mwinyi ndiye aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani. Hakuwapo kwenye vyumba vile, wala si yeye aliyetoa amri. Lakini waliotenda walikuwa chini ya wizara yake, na yeye akajiuzulu, pamoja na viongozi wengine kadhaa. Akaenda Misri kuwa balozi. Watu wa rika langu tulidhani ndio mwisho wa habari zake.

Baada ya miaka michache Aboud Jumbe akajiuzulu urais wa Zanzibar, na aliyetafutwa kushika nafasi ile ni huyo huyo aliyeachia kiti chake huko nyuma. Mimi naamini, na sijasoma popote, kwamba kuondoka kule ndiko kulikombeba. Mwalimu Nyerere alikuwa ameshamwona mtu huyu akiwa amesimama kwenye aibu isiyo yake na asikimbie. Sasa ukiliruka jambo hilo kwenye wasifu ili kumstahi marehemu, unakuwa umeondoa nguzo, halafu unashangaa nyumba imesimamaje.

Na kwa kuwa nakuambia useme yote, nami niseme yote. Uongozi wa Mzee Mwinyi ulikuwa na doa lake. Misamaha ya kodi ilitolewa ovyo mpaka mwaka 1994 wafadhili wakasimamisha misaada. Mwalimu mwenyewe aliusema utawala ule hadharani, kwa ukali. Hayo hayamfuti Mzee Rukhsa, kama tulivyomwita. Alitutoa kwenye foleni ya sabuni, akaturudisha kwenye vyama vingi mwaka 1992, kisha muda wake ulipofika akaondoka. Mtu huyo huyo mmoja.

Ndiyo maana nataka nikueleze ya mjomba wako yalivyokuwa, kwa urefu, kwa sababu barua uliyoikuta sandukuni ina mistari minne tu.

Kaka alianza kazi na Waholanzi. Miaka ya 1974 hadi 1978 kulikuwa na mradi wa visima vifupi mkoani kwetu, ufadhili wa Uholanzi, na vijana waliomaliza darasa la saba wenye mikono mizuri walichukuliwa wakafundishwa. Ndio wakati ule ule wa Operesheni Vijiji. Watu wamehamishwa kutoka kwenye makazi yao wakakusanywa pamoja, na ukishakusanya kaya mia kadhaa mahali pakavu, swali la kwanza ni maji. Kaka alijifunza kufungua pampu ya mkono, kutoa ile washa ya ngozi iliyolika, kukata nyingine kutoka kwenye ngozi ya ng'ombe na kuilowesha mafuta kabla ya kuirudisha. Alirudi nyumbani ananuka grisi. Mama yetu alikuwa akimwambia asiguse unga.

Baadaye kijiji chetu kilipata kisima kirefu, tangi, vituo vitatu vya kuchotea, na injini ya dizeli aina ya Lister. Kaka akapewa ufunguo wa nyumba ya pampu. Mwanangu, ukiandika wasifu usiandike "mhudumu wa mtambo" ukaacha hapo. Andika jinsi injini ile ilivyowashwa. Saa 11 alfajiri anafungua mlango, anapima dizeli kwa kijiti, anakwangua kijiti kwa kidole. Anainua kile kiwiko kidogo cha juu kinachoiachia injini pumzi. Anachomeka hendeli, anaizungusha, taratibu kwanza, kisha kwa nguvu, gurudumu zito linaanza kubeba kasi, na pale anapoona kasi imetosha anakiangusha kiwiko kwa mkono mwingine. Ikikubali, inakohoa moshi mweusi mara mbili halafu inashika: tu, tu, tu, tu. Isipokubali, anaanza upya. Alinifundisha siku moja, akanipiga kofi la mkono kwa sababu nilikuwa nimeikumbatia hendeli na kidole gumba. Gumba likae upande mmoja na vidole vingine, alisema, maana injini ikirudi nyuma inalivunja. Yeye mwenyewe gumba lake la kulia lilikuwa limepinda. Ulilishika sana ukiwa mdogo, ukimwuliza limefanya nini.

Mlio ule ndio uliotuamsha. Wanawake walijua kwa mlio kama leo maji yapo.

Sasa mwaka 1983. Nchi ilikuwa imetoka vitani na Idi Amin na mfuko umetoboka. Dukani hakuna kitu. Hayati Sokoine, Waziri Mkuu, alitangaza vita dhidi ya wahujumu uchumi, na watu wakawa wanamwaga bidhaa porini na mitoni usiku kwa kuogopa msako. Dizeli ya pampu yetu ilikuja kwa pipa, lita 200, nayo ilikuja inapotaka. Kaka alikuwa amejenga nyumba ya matofali ya udongo, akaezeka nyasi, na alikuwa ametoka kuoa. Alitaka mabati. Nasema wazi ili usimtafutie udhuru: hapakuwa na mtoto mgonjwa, hapakuwa na njaa. Alitaka mabati. Dereva wa lori aliyekuwa akipita akamwambia, nipe madumu mawili ya dizeli nikuletee mabati 6. Lita 40. Akampa.

Nyumba yake ikang'aa. Pipa likaisha kabla ya siku zake.

Injini ilinyamaza siku tisa. Wanawake tulirudi kule tulikotoka, kuchimba mchanga mtoni. Unakumbuka nilivyowahi kukueleza: unachimba mpaka kiunoni, unasubiri maji yajikusanye chini, unachota kwa kata, kata moja, unasubiri tena. Ndoo moja ni asubuhi nzima. Mama yetu alikuwa na miaka zaidi ya 60. Siku ya nane kaka alimkuta mama yake ndani ya shimo, amekaa, kata iko mapajani, anasubiri. Hakumwambia kitu. Mama naye hakujua kitu, alimwuliza tu, "Dizeli bado haijaletwa?"

Siku ya tisa akateremsha mabati yote, akayafunga kamba, akayabeba kichwani mpaka ofisi ya kijiji, akasema mwenyewe kabla ya kuulizwa. Tuliomjua tulitetemeka, maana mwaka ule kwa neno "uhujumu" mtu alikuwa anachukuliwa. Mkutano ulifanyika chini ya mkwaju. Alisimama akaeleza lita ngapi, kwa nani, kwa nini. Mzee mmoja akamtukana matusi mazito, na kaka akamwitikia, "Ndiyo, baba." Kijiji kikaandika barua kwenda wilayani, wilayani wakaleta hiyo uliyoishika. Mahakamani hakufikishwa. Mabati yakaamuliwa yaezekwe nyumba ya pampu, ambayo ilikuwa ya nyasi na ilikuwa inavujia injini.

Hiyo ndiyo miaka miwili aliyosimamishwa kazi. Alilima pamba. Jioni alikuwa na tabia ya kusimama mpakani mwa shamba lake akisikiliza injini ikiendeshwa na kijana mwingine, na alikuwa anajua kwa sikio tu: leo nozeli inavuja, leo mkanda umelegea. Hakwenda kusema. Aliona hana haki. Mwaka 1985 injini ilipokufa kabisa, mzee yule yule aliyemtukana ndiye aliyetoa hoja kwamba arudishwe. Akarudishwa, mshahara wa kuanzia upya.

Kuna jambo linaniuma hapa, nalo uliweke mahali pake bila kulifanya kisingizio. Mwezi Mei mwaka 2025 tulimsikiliza wasifu wa Mzee Cleopa Msuya, aliyefariki tarehe 7 akiwa na miaka 94. Watu wanamtaja kwa kuwa Waziri Mkuu mara mbili. Mimi namtaja kwa bajeti ya mwaka 1984, alipokuwa Waziri wa Fedha, iliyoruhusu mwenye fedha zake za kigeni aingize bidhaa nchini bila kuulizwa alizipata wapi. Huo ndio ufunguo ulioanza kugeuka mlangoni, Mwalimu akiwa bado Ikulu. Mwinyi aliusukuma mlango wazi, akapata na jina. Ndani ya miaka michache mabati yale yale yaliyompa kaka aibu yakawa yanauzwa madukani, mwenye pesa anachagua. Nilimwambia hivyo jioni ile, nikidhani namfariji. Akanijibu, "Mama hakukaa shimoni kwa sababu ya bajeti." Mzee Mwinyi alikuwa akisema kila zama na kitabu chake. Kaka alikubali kitabu, lakini alikataa kujificha ndani yake.

Umeuliza pia, mwishoni mwa ujumbe, wasifu mzuri unakuwaje. Sijawahi kuandika wa kuchapwa gazetini. Nimefundisha watoto kuandika insha miaka 31, hilo tu. Lakini kwa kusikiliza hizi za miaka miwili, kuna mambo nimeyaona.

Lowassa, kwa mfano. Alijiuzulu uwaziri mkuu Februari 2008 baada ya ripoti ya kamati ya Bunge kuhusu mkataba wa umeme wa dharura wa Richmond, na mpaka anakufa alisema hakutenda kosa. Kuna waliosoma wasifu wake wakaanzia na kuishia hapo. Kuna waliolikwepa jina la Richmond kama nyoka. Mjomba wako alikuwa na Lowassa wake mwingine, wa maji. Lowassa akiwa Waziri wa Maji ndipo ulipoanza mradi wa kuyatoa maji Ziwa Victoria mpaka Kahama na Shinyanga, na Tanzania haikwenda kuomba ruhusa kwa mtu, maana mkataba wa mwaka 1929 ambao Waingereza waliwekeana na Misri kuhusu maji ya Nile nchi yetu haijawahi kuutambua. Kaka, aliyekuwa amechimba visima vya mita chache ardhi ile ile, alipofungua koki mjini Shinyanga akaambiwa haya ni ya ziwa, alikinga kiganja akanywa, akafungua tena akanywa. Lowassa na Richmond, Lowassa na shule za kata, Lowassa na koki ile. Yaweke yote mezani. Watu watapima wenyewe, si watoto.

Kiptum naye alikuwa na miaka 24. Mbio za marathoni alizowahi kushindana ni tatu tu, Valencia, London na Chicago, zote akashinda, na ile ya Chicago, Oktoba 2023, aliikimbia kwa saa mbili na sekunde 35, jambo ambalo hakuna binadamu aliyekuwa amelifanya kabla yake katika mbio rasmi. Rekodi iliidhinishwa siku tano kabla ya ajali ya gari iliyomuua. Lakini kwenye gari lile alikuwamo pia kocha wake, Mnyarwanda Gervais Hakizimana, naye akafa, na wasifu nyingi zilimpa nusu sentensi. Kwa hiyo umtaje yule kijana aliyekuwa akimshikia kaka taa ya chemli alfajiri. Sasa ni mtu mzima, ana wajukuu, na atakuwepo siku hiyo. Mtaje kwa jina lake.

Na lugha. Ngũgĩ wa Thiong'o, mwandishi wa Kenya, alipofariki mwezi huo huo wa Mei 2025, siku ya 28, walisema sana juu ya vitabu na vyuo vikuu. Mimi nilikuwa namfikiria akiwa Kamirithu, kule Limuru, wanakijiji wakicheza tamthilia kwa Kikuyu chao, na serikali ikaogopa mpaka ikamweka kizuizini mwishoni mwa mwaka 1977. Akiwa gerezani Kamiti aliandika riwaya kwa Kikuyu kwenye karatasi za chooni. Alikuwa ameamua kwamba akisema juu ya watu wale, wale watu wamwelewe. Nawe ukisimama pale, mbele yako watakuwa wanawake waliokuwa wakiamka kwa mlio wa Lister. Usiwasomee "alikuwa mtumishi wa umma aliyejituma na kuzingatia maadili ya kazi". Wasomee kijiti cha kupimia dizeli.

Huyu wa mwisho nimwachie mjomba wako mwenyewe. Raila Odinga alipofariki India tarehe 15 Oktoba 2025, kaka alikuwa ameshalala kitandani hainuki, lakini aliomba redio iwekwe kwenye mto wa kulalia. Alipenda jambo moja ambalo wengi walilipita, kwamba Raila alisomea uhandisi wa mitambo Magdeburg, Ujerumani Mashariki, na kabla ya siasa kumla alikuwa mtu wa viwanda, wa kutengeneza mitungi ya gesi. "Fundi mwenzangu," alisema. Waliposoma kwamba aligombea urais mara tano asiupate, hakusema kitu. Waliposema kwamba mama yake alifariki mwaka 1984 yeye akiwa kizuizini, na habari zikamfikia baada ya miezi miwili, kaka aligeukia ukutani. Nadhani alikuwa anamwona mama yetu na ile kata. Yeye alikuwa na bahati, alipata nafasi ya kumwomba mama radhi ana kwa ana. Alimsamehe siku ile ile, akamwambia alete kuni.

Umeogopa wifi yangu ataumia. Nimeshazungumza naye jana, nilikwenda kwa makusudi. Nikamwambia mtoto ameikuta barua, anataka kuisema. Alinyamaza kidogo, akaendelea kuchagua mchele. Kisha akasema, "Mabati yaliteremshwa juu ya kichwa changu mimi, na mvua ya mwaka ule ilininyeshea mimi. Aseme. Nataka nisikie likisemwa na mtu anayempenda." Kwa hiyo ruhusa unayo ya mjane na ya dada. Binamu zako wakubwa nimewaambia. Mdogo wao bado amenuna, mwache, nitakaa naye.

Mkifika kijijini, kabla ya kwenda nyumbani, mpitie nyumba ya pampu. Injini haipo tena, wamefunga pampu ya umeme wa jua, haitoi sauti. Lakini paa ni lile lile, limeshika kutu, na ukiinua macho utaona matundu ya misumari ya kwanza, ile ya nyumbani kwake, yameziba kwa lami. Aliyaziba yeye.

Daftari zake ziko kwangu. Alianza kuziandika siku aliyorudishwa kazini mwaka 1985, hajaruka siku mpaka anastaafu, penseli, mwandiko wa kubonyeza: tarehe, lita, saa, imewaka mara ya ngapi. Ni 26. Zote siwezi kuzituma, nakutumia ya kwanza kwa basi la kesho asubuhi, nimeifunga ndani ya khanga yangu ya kijani, mpokee mwenyewe usimtume mtu. Fungua ukurasa wa nne, mwezi Machi 1986. Mistari yote imeandikwa dizeli iliyotoka kwenye pipa. Kuna mmoja ulioandikwa iliyoingia, siku ambayo hakukuwa na lori lililokuja. Umeandikwa hivi: "L 40. Zangu."

Hakuwahi kuniambia. Nimeuona wiki iliyopita.

Mama yako